Kikosi cha Dharura cha Kijiji: Mwongozo Kamili kwa Vijiji vya Moshi

Vijiji vingi vya Moshi Vijijini vimeshajaribu kuwa na kikosi cha huduma ya kwanza. Watu wanachaguliwa, semina inafanyika, fulana zinagawiwa, picha zinapigwa. Masika moja ikipita, kikosi hakipo. Mtu akianguka kwenye mti saa mbili usiku mambo ni yale yale: kelele, vijana kukimbia huku na huko kutafuta gari, ubishi wa nani atalipa mafuta, na majeruhi anabebwa mgongoni kama gunia.

Ukifuatilia vikosi vilivyokufa, ni mara chache utakuta vimekufa kwa kukosa moyo au kwa kukosa ambulensi. Vimekufa kwa sababu hakuna aliyejua ampigie nani kwanza, pesa ya mafuta haikuwa na mwenyewe, na waliofundishwa hawakurudia mazoezi mpaka mikono ikasahau. Mwongozo huu umepangwa kuziba mianya hiyo mitatu. Ni wa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mganga mfawidhi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au kijana yeyote aliyechoka kuona watu wakifia njiani.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi hukimbilia mafunzo, ambayo hapa ni hatua ya saba, na ndiyo maana wanashindwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Watu. Mlezi wa kikosi, yaani mganga mfawidhi wa zahanati yenu au muuguzi atakayemteua. Watu wawili hadi watatu kutoka kila kitongoji. Madereva watatu wenye magari ya kuaminika. Mtunza fedha mmoja na watia saini wawili.

Makaratasi. Daftari kubwa la matukio, daftari la fedha, karatasi za manila za kuchorea ramani, na karatasi ya namba za simu itakayobandikwa zahanati, ofisi ya kijiji, dukani, kwenye kilabu cha mbege, na kanisani au msikitini.

Mkoba mmoja kwa kila kitongoji. Jozi kumi za glavu, bandeji pana sita, gozi, plasta, khanga mbili safi zilizopigwa pasi, mkasi mkubwa wa kukatia nguo, tochi ya kuvaa kichwani na betri za akiba, blanketi, sabuni, kalamu ya wino mzito, chupa ya maji safi.

Machela moja kwa kila kitongoji. Namna ya kuitengeneza iko kwenye hatua ya 6.

Msiweke dawa kwenye mkoba. Dawa za maumivu, sindano na dripu ni kazi ya zahanati. Kikosi kikianza kugawa dawa, siku moja kitamdhuru mtu, mlezi atajitoa, na atakuwa na haki kabisa.

## Hatua ya 1: Pata baraka za kijiji na mlezi

Peleka hoja kwenye halmashauri ya kijiji, kisha kwenye mkutano mkuu. Muhtasari uandikwe na usainiwe, na nakala iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kupitia zahanati.

Sababu ni ya kiutendaji. Kikosi kisicho na mlezi hakina wa kukisahihisha, na muuguzi wa zamu hawezi kuyaamini maelezo ya watu asiowajua. Kikosi kilichopita kwenye mkutano mkuu kinaweza pia kudai mchango bila kuonekana ni kikundi cha watu wachache wanaojitafutia.

*Utajua umefanikiwa* siku mganga mfawidhi atakapokupigia mwenyewe kuuliza mafunzo yanaanza lini.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya dharura

Kaeni na manila na watu wa kila kitongoji. Hii si ramani ya mipaka. Ni ramani ya kujibu swali moja: mtu akiumia hapa, anatokaje?

Wekeni alama ya mwisho wa barabara ya gari wakati wa kiangazi, na alama nyingine ya mwisho wake wakati wa masika. Huku mlimani alama hizo mbili huwa mbali sana. Njia ya Uru au Kibosho ambayo Noah inapita Januari bila shida, Aprili haipitiki hata kwa pikipiki. Wekeni alama ya kila daraja la miti juu ya mfereji, kila mteremko mkali, kila kona ambayo machela haiwezi kukunja kati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Kisha tembeeni na saa mkononi: kutoka nyumba ya mbali kabisa mpaka gari linapofika ni dakika ngapi, mchana na usiku?

Upande wa pili wa manila andikeni vituo vya tiba na kila kimoja kinaweza nini. Zahanati inafungwa saa ngapi, na muuguzi analala wapi? Kituo cha afya cha karibu kinafanya upasuaji wa kumtoa mtoto? Kina damu? Walioko mlimani wana hospitali za Kibosho, Kilema na Marangu; walioko tambarare wana ya TPC; Moshi mjini kuna Mawenzi, ambayo ni ya rufaa ya mkoa, na KCMC, ambayo ni ya rufaa ya kanda. Nendeni mkaulize wenyewe, msikisie. Mgonjwa aliyepelekwa karibu lakini pasipo na huduma anayoihitaji huondoka hapo na kuanza safari ya pili, na safari ya pili ndiyo inayoua.

Onyo: Daraja bovu au korongo lililokata barabara lisibaki kwenye manila tu. Liandikieni barua kupitia diwani iende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na nakala ya ramani iambatanishwe. Ramani yenye dakika zilizopimwa ina nguvu kuliko malalamiko ya mdomo.

## Hatua ya 3: Chagua watu waliopo

Hapa ndipo vijiji vingi vinapokosea. Wanachaguliwa wenye heshima: mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, mjumbe wa chama. Ni watu wazuri. Lakini saa sita mchana wako wapi?

Chagueni anayeshinda kijijini. Mama mwenye genge. Fundi baiskeli. Mwenye duka la dawa. Mlinzi wa shule. Dereva wa bodaboda wa kijiweni, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kufika ajalini. Kila kitongoji kiwe na mwanamke angalau mmoja, kwa sababu baadhi ya dharura za usiku ni za uzazi, na si kila mama atakubali kushikwa na kijana wa jirani.

Kama kijiji kina mhudumu wa afya ngazi ya jamii, awe kiungo kati ya kikosi na zahanati. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hawa, kwa lengo la kuwafikia 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Anajua nyumba yenye mjamzito, yenye mtoto mwenye kifafa, yenye mzee wa sukari. Lakini msimwachie dharura zote peke yake. Ana kazi zake, na mtu mmoja hawezi kuwa macho kila usiku.

Onyo: Anayekunywa mpaka usiku, hata awe na moyo gani, asiwekwe. Mwambieni kwa upole na kwa faragha. Na anayependa kusimulia siri za watu pia hafai. Akishaeleza kilabuni alichokiona chumbani kwa mgonjwa, nyumba nyingine hazitaita kikosi tena.

## Hatua ya 4: Panga simu na magari

Kila mtu wa kijiji, hata mtoto wa darasa la tatu, ajue mambo mawili tu: namba ya kikosi, na 115.

115 ni namba ya mfumo wa m-mama, haitozwi, na ni kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Anayepokea atauliza maswali, kisha atapanga usafiri: ambulensi ikiwepo karibu, au dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo na si na familia. Kuna familia ambazo bado zinauza mbuzi usiku kumkodia mama mjamzito gari kwa sababu hakuna aliyewaambia. Tangazeni 115 kwenye kila mkutano, kila ibada, kila kliniki. Na madereva wenu wazuri wahimizwe kwenda kuulizia zahanati namna ya kusajiliwa.

Kwa dharura nyingine (kuanguka, panga, moto, nyoka, ajali ya barabarani) mnahitaji madereva wenu. Kubaliana na watatu, si mmoja. Wa kwanza asipopokea simu mara mbili, unakwenda kwa wa pili bila kusubiri. Bei iandikwe mapema: kwenda zahanati, kituo cha afya, Mawenzi, KCMC, mchana na usiku. Bei inayojadiliwa huku mtu anavuja damu huwa kubwa, na inaacha uhasama. Ongezeni kwenye karatasi ile ile 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji.

Wafundisheni wote kutoa taarifa kwa mpangilio mmoja: wapi, nini, anapumua, gari limfuate wapi. Mfano:

"Niko nyuma ya kanisa, kitongoji cha juu. Mwanaume mtu mzima ameanguka kwenye mti. Anapumua na anaongea, mguu umevunjika. Njoo mpaka mashine ya kusaga, tunamshusha kwa machela, tutafika baada ya dakika ishirini."

Hiyo inatosha. Dereva amejua asipande zaidi ya mashine, na kikosi kimejiwekea muda.

Onyo kuhusu bodaboda: Pikipiki ni nzuri kwa kumleta muuguzi kwa mgonjwa, au kumpeleka mtu aliyekatwa kidole. Aliyeanguka kutoka juu na analalamika shingo au mgongo, au ambaye miguu imekufa ganzi, asikalishwe kwenye pikipiki hata kama ni usafiri pekee unaoonekana. Asubiri machela na gari. Wala asiyejitambua asibanwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Shingo ikiinama, njia ya hewa inaziba.

## Hatua ya 5: Anzisha mfuko wa mafuta

Kijiji chenye kaya 200, kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, kinapata 200,000. Kwa mwaka ni 2,400,000. Si pesa ya kununua gari, na wala lengo si gari. Ni pesa ya kumfanya dereva awashe injini bila kuuliza kwanza.

Kanuni ziwe chache na zibandikwe ukutani. Gari linaondoka kwanza, hesabu inafuata. Mtunza fedha ana kiasi kidogo tayari kwenye simu kwa ajili ya usiku. Familia yenye uwezo inarejesha kidogo kidogo. Isiyo na uwezo halmashauri ya kijiji inasamehe, na jina lao halisomwi mkutanoni. Aliyechelewa kuchangia anabebwa kama wengine. Hili la mwisho litawaletea mabishano, nami nawasihi msilegeze: siku mtakapomwacha mtoto wa mtu kwa sababu baba yake hakutoa elfu moja, kikosi kimekufa.

Wanakikosi wenyewe msiwaahidi mshahara msioweza kuulipa. Wapeni buti za mvua, tochi, vocha ya kila mwezi, na mfuko ukiruhusu, mchango wao wa bima ya afya. Mtu anayetoka kitandani saa nane usiku kwenye tope anastahili angalau buti.

*Utajua umefanikiwa* gari likiondoka usiku na hakuna hata mtu mmoja aliyetaja pesa.

## Hatua ya 6: Tengeneza machela

Chukua fito mbili za mianzi iliyokomaa au mgrivea mnyoofu, kila moja ndefu kuliko mtu mrefu kwa zaidi ya hatua moja, zisiwe na vijiti vya kuchoma. Chukua magunia mawili yaliyo mazima. Kata matundu kwenye pembe za chini za kila gunia, kisha pitisha fito ndani ya magunia, moja ikitokea upande huu na nyingine upande ule, midomo ya magunia ikikutana katikati. Funga vijiti viwili vifupi kukingama kati ya fito, juu na chini, ili zisikaribiane na kumbana mgonjwa mabega.

Mlaze juu yake mtu mzito kuliko wote kikosini. Mnyanyueni mpaka kiunoni, mshusheni, mara kadhaa. Kama gunia linalia au fito inapinda, tafuteni nyingine leo, msisubiri.

Wabebaji ni wanne, na wengine wawili wa kumulika njia na kupokezana. Mnaposhuka mlima miguu ya mgonjwa inatangulia. Mnapopanda, kichwa kinatangulia. Mmoja wa wabebaji wa upande wa kichwa ndiye anayetoa amri, kwa sababu ndiye anayeuona uso. Asiyeona uso wa mgonjwa hawezi kujua kama bado anapumua.

## Hatua ya 7: Mafunzo, na yale yasiyosahaulika

Mwombeni mlezi aendeshe mafunzo, au awaombee mkufunzi kutoka ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya au Msalaba Mwekundu. Gawanyeni kwa siku chache, vipindi vifupi, na muda mwingi uwe wa mikono, si wa ubaoni. Haya ndiyo ya kusisitiza huku kwetu.

Usalama kwanza. Kama waya wa umeme umeanguka, kama nyuki bado wako, kama gari halijatulia mtaroni, usiingie. Vaa glavu. Mwokoaji aliyeumia ni mgonjwa wa pili na mikono miwili iliyopungua.

Damu. Mwanafunzi mpya hufanya kosa lile lile. Panga limempiga mtu ugokoni wakati wa kukata majani ya ng'ombe. Anaweka kitambaa, anakandamiza kidogo, kisha anakifunua kuona kama damu imekata. Anafunika, anafunua tena. Kila anapofunua anavuruga damu iliyoanza kuganda, na kazi inaanza upya.

Mfundishe hivi: piga magoti, weka kitambaa safi juu ya kidonda, kiganja juu ya kiganja, nyoosha viwiko ili uzito wa mabega ushuke kwenye jeraha. Angalia saa. Dakika kumi kamili bila kuchungulia. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu yake na ukandamize zaidi. Kisha funga kwa bandeji bila kulegeza, na uangalie kama vidole vya mguu bado vina joto.

Damu ya mkono au mguu inayoruka na kukataa kabisa kukandamizwa ndiyo pekee inayohitaji mkanda wa kukaza. Uwe mpana kama vidole vitatu, ufungwe kati ya jeraha na kiwiliwili, si kwenye jeraha lenyewe wala kwenye kiungo kama goti au kiwiko, ukazwe kwa kijiti mpaka damu isimame. Andika saa uliyokaza kwenye paji la uso au mkononi mwa mgonjwa kwa wino mzito. Ukishakaza usilegeze, atalegeza daktari.

Asiyejitambua. Anapumua? Kama anapumua na hakuanguka kutoka juu, mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke. Usimpe maji, wala soda, wala maziwa. Kama hapumui, anza kubonyeza katikati ya kifua: mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hivi, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi mbili, na kurudia. Aliyezama mferejini au bwawani anza naye kwa pumzi, kwa sababu alichokosa ni hewa.

Kuanguka kutoka juu. Kuanzia wakata majani ya mgrivea mpaka wachuma maparachichi, hili ni jeraha la kwetu. Usimkalishe "apate hewa". Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kibaki kimenyooka na mwili; wengine watatu wamgeuze kwa pamoja, kwa amri ya aliyeshika kichwa, na kumteleza kwenye machela. Mguu uliovunjika ufungwe pamoja na mguu mzima, katikati kukiwa na maganda makavu ya mgomba au blanketi.

Moto na maji ya moto. Maji safi yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua, dakika 20. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Maji ya mlimani ni ya baridi, hivyo mtoto afunikwe blanketi sehemu zisizoungua asije akapoa mwili mzima. Hakuna dawa ya meno, unga, yai, wala mafuta. Hili lirudiwe kwa bibi na mama wa nyumbani, kwa sababu wao ndio wanaofika kabla ya kikosi.

Nyoka. Zaidi ni kwa vijiji vya chini, Mabogini, Kahe na mashamba ya jirani. Mtulize, asitembee. Vua pete, saa na viatu. Funga mkono au mguu kwenye ubao usicheze, kama unavyofunga uliovunjika. Usichanje, usinyonye, usibandike jiwe jeusi, usikaze kamba. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi. Piga simu hospitali kabla ya kuondoka kuuliza kama dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ipo. Usimtafute nyoka umbebe.

Dawa ya kupulizia kahawa. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo na aoshwe kwa sabuni na maji mengi, nawe ukiwa na glavu. Aliyekunywa asitapishwe na asipewe maziwa. Chupa au pakiti ya dawa iende naye hospitali. Daktari anaihitaji kuliko maelezo yenu.

Degedege na kifafa. Ondoa vitu vya kuumiza, weka nguo laini chini ya kichwa, angalia saa. Usiingize kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu. Ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, gari liitwe. Mjamzito anayetetemeka hivyo ni 115 mara moja.

Mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Piga 115, kisha mlaze chali, mfunike apate joto. Sugua tumbo chini ya kitovu mpaka usikie mji wa mimba umekuwa mgumu, mtoto awekwe ziwani, mama akojoe kama anaweza. Khanga zilizolowa damu msizitupe, zipelekwe ziangaliwe. Usivute kamba ya kitovu kwa lengo la kutoa kondo la nyuma. Mtoto akaushwe na alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja.

Kuhusu zahanati yenyewe: kikosi kizuri kinaleta wagonjwa walio hai ambao zamani wasingefika, na wahudumu wasipoandaliwa watazidiwa. Mlezi amwombe Mganga Mkuu wa Wilaya mafunzo ya huduma za msingi za dharura yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Yanamfundisha muuguzi na tabibu kumwangalia kila mgonjwa mahututi kwa mpangilio mmoja: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili mzima. Hayadai mashine za gharama.

## Hatua ya 8: Kabidhi mgonjwa vizuri

Mwanakikosi mmoja asafiri na mgonjwa mpaka mapokezi. Awe na karatasi yenye mistari mitano: jina na umri, nini kilitokea na saa ngapi, mlichokiona, mlichokifanya, ndugu wa kupigiwa simu. Asome kwa sauti kwa muuguzi, kisha amwachie.

Kama ni ajali ya barabarani, kupigwa au kuchomwa kisu, mtu mwingine aende kituo cha polisi kufuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wakati mgonjwa anaendelea na safari. Msimpitishe majeruhi polisi kwanza. Gawaneni kazi ili hakuna dakika ya mgonjwa inayoliwa na karatasi.

*Utajua umefanikiwa* wauguzi watakapoanza kuiulizia ile karatasi wakiiona haipo.

## Hatua ya 9: Mazoezi ya kila mwezi na kikao cha baada ya tukio

Chagueni siku moja isiyobadilika, mfano Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Saa moja na nusu inatosha. Kila mwezi ujuzi mmoja tu, urudiwe na kila mtu mpaka mlezi aridhike. Mara mbili kwa mwaka fanyeni zoezi kamili bila kutoa taarifa: mmoja analala shambani kama majeruhi, simu inapigwa, na mtu anaandika saa ya simu, saa ya mtu wa kwanza kufika, saa machela ilipoondoka, saa ya kufika garini. Moja ya hayo mawili liwe usiku, na lifanyike wakati wa mvua. Kikosi kilichofanya mazoezi juani tu hakijui kama tochi zinafanya kazi.

Ndani ya siku tatu baada ya kila tukio la kweli, kaeni na mlezi. Kilichokwenda vizuri, kilichokwama, cha kubadilisha. Jina la mtu lisitajwe kwa lawama. Anayelaumiwa leo hatapokea simu kesho.

Kwenye kikao hicho ulizeni pia jambo ambalo wengi hulisahau: nyie mko salama? Aliyembeba mtoto wa jirani yake na mtoto akafia mikononi atakuwa na usiku mbaya mwingi. Msimwambie ajikaze. Mwacheni aongee, mpeni mapumziko, na akishindwa kulala au kula kwa wiki kadhaa mlezi amwone zahanati. Tumepoteza watu wazuri mno kwa kunyamaza.

Mwisho wa kila mazoezi fungueni mikoba yote juu ya meza. Glavu zilizotumika zirudishwe mpya siku hiyo hiyo, betri zijaribiwe, khanga zifuliwe na kupigwa pasi, fito za machela zikaguliwe kama zimeliwa na wadudu. Pigeni kila namba iliyo kwenye karatasi ya ukutani. Dereva aliyebadilisha laini au aliyehamia Arusha afutwe, na mwingine aandikwe kabla hamjatawanyika. Mwanakikosi aliyekosa mazoezi mara tatu mfululizo bila sababu ashukuriwe kwa kazi aliyoifanya, na kitongoji chake kitafute mwingine mwezi huo huo.